Tuhesabu Watu Kabla Chombo Hakijang'oa Nanga

Ndugu wasikilizaji, upo msemo ambao sisi Waswahili huutoa haraka kila chombo kinapozama: ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa na viongozi wanapotoa rambirambi, na husemwa na jirani anayekosa neno la kumwambia mfiwa. Kama ni neno la faraja, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu unaanza pale msemo huu unapotoka msibani ukaingia ofisini, ukageuka kuwa maelezo ya kwa nini mamia ya watu wameteketea mahali ambapo nchi kavu inaonekana kwa macho.

Juma hili napenda tuitazame historia ya mamlaka zetu za usalama wa majini: zilizaliwaje, zilikabidhiwa kazi gani, na kwa nini meli ziliendelea kuzama hata baada ya mamlaka hizo kuwapo. Hoja yangu nitaitaja mapema ili anayetaka kuipinga ajiandae. Kazi ya kwanza ya mamlaka ya usalama majini ni kuhesabu watu wanaoingia chomboni, na kazi hiyo haitafanikiwa hata siku moja kama watu hao hawana chombo kingine cha kupanda.

Tuanze na Ziwa Victoria. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka mjini Bukoba kwenda Mwanza, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo, mikungu ya ndizi ikiwa mingi kama ilivyokuwa ada ya njia ile. Ilikuwa meli ya Shirika la Reli Tanzania, iliyojengwa mwaka 1979, na uwezo wake ulikuwa watu 430. Ilikuwa na sifa ya kuyumba, na wasafiri wa Kagera waliijua sifa hiyo. Asubuhi ya tarehe 21, wakati abiria wakijiandaa kwa kushuka Mwanza, meli ililala upande, ikapinduka, ikabaki inaelea tumbo likiwa juu.

Ndani yake walikuwamo watu walio hai. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Lakini hewa iliyonaswa ndani ya meli ndiyo iliyokuwa ikiishikilia isizame. Tundu lilipopatikana hewa ilitoka, maji yakashika nafasi yake, na meli ikaenda chini, kwenye kina cha mita zipatazo 25. Waliotoboa walikuwa na nia njema. Walichokosa ni vifaa na mafunzo. Wazamiaji wa kutoa maiti ilibidi watoke Afrika Kusini. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma, Mwanza, ambako mnara wao upo hadi leo.

Sasa niulize swali dogo. Walikufa wangapi? Mmoja atakwambia 800 na ushei. Mwingine atataja 894, na hii ndiyo hesabu inayosikika mara nyingi. Wapo wanaofika 1,000. Tofauti kati ya hesabu ya chini na ya juu ni watu wa kujaza mabasi matatu, nasi tunaizungumza kana kwamba ni tofauti ya bei ya nyanya kati ya soko na soko. Sababu yake inajulikana. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443, ambao peke yao walikwisha kuzidi uwezo wa meli. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Mama aliyekuwa anasindikiza mikungu yake sokoni, kijana aliyekuwa anakwenda Mwanza kutafuta kibarua, mtoto aliyepakatwa, wote hao waliingia melini bila jina lao kuandikwa popote. Na mtu ambaye hakuhesabiwa wakati wa kuingia hawezi kuhesabiwa wakati wa kupotea. Jamaa zake wakienda kudai haki yake, ushahidi wao ni kauli ya shangazi aliyemsindikiza hadi gatini.

Miaka miwili kabla yake, wenzetu wa Kenya walikwisha kuonja uchungu huo. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe mjini Mombasa ilipinduka mita zipatazo 40 tu kutoka ukingoni. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 300. Ndani walikuwamo zaidi ya 400. Waliokufa ni 272. Mita 40, ndugu zangu, ni umbali ambao mtu aliye ng'ambo anaweza kumwita aliye chomboni kwa jina naye akaitika. Palikuwa shwari, hapakuwa na dhoruba, na chombo chenyewe kilikuwa kikivuka maji yale yale kila siku.

Hapa inafaa nieleze kidogo jinsi chombo kinavyopinduka, kwa sababu wengi wetu hudhani meli huzama kwa kuzidiwa na uzito tu, kama gunia linavyomlemea mchukuzi. Uzito una madhara yake, lakini mahali ulipowekwa una madhara zaidi. Mizigo ikikaa chini, katika tumbo la meli, chombo kikiyumba hurudi kikasimama wima. Watu wakijazana sitaha ya juu, meli inakuwa kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji kichwani kisha akasimama kwa mguu mmoja. Atakaa hivyo kwa muda, pengine muda mrefu. Siku ambayo umati mzima utasogea upande mmoja kwa pamoja, kwa sababu ya mvua, au kuona kitu majini, au hamu ya kuwa wa kwanza kushuka, chombo hakitarudi tena. Ndiyo maana vyombo vingi vilivyojaa hupinduka karibu na gati, abiria wanapoanza kusogea. Na ndiyo maana nahodha anayesema "mbona jana tulibeba hivi hivi tukafika" hajajibu kitu. Jana watu hawakusogea.

Isidhaniwe kwamba uzembe huu ni wa Waafrika. Waingereza, waliokuwa na meli nyingi kuliko taifa lolote, waliacha mabaharia wao wafe ndani ya meli mbovu zilizopakiwa kupita kiasi hadi mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipolipigia kelele jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1876 Bunge lao likapitisha sheria ya kuchora alama ubavuni mwa meli, ili yeyote aliyesimama gatini aone kama meli imezama kupita kipimo. Alama hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Angalieni uzuri wake: haikuhitaji mtaalamu. Hata mchukuzi asiyejua kusoma aliweza kuitazama akajua kama wanadanganywa.

Mwaka 1912 ikaja Titanic. Watu wengi hukumbuka barafu. Mimi nakumbuka kanuni. Wizara ya Uingereza iliyosimamia meli ilikuwa bado inatumia kanuni za mwaka 1894, ambazo zilipanga idadi ya mashua za kuokolea kwa kuangalia tani za meli na kuishia kwenye tani 10,000. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Ilibeba mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178, na ndani yake walikuwamo watu wapatao 2,200. Kwa mujibu wa kanuni, meli hiyo ilikuwa imezidisha mashua kuliko ilivyotakiwa. Serikali ilihesabu tani, haikuhesabu watu, na watu wapatao 1,500 wakafa chini ya cheti halali. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini mwaka 1914, na unaotumika sasa msingi wake ni wa mwaka 1974.

Mkataba huo una mwanya ambao msafiri wa Pemba au Ukerewe anapaswa kuujua. Kwa kawaida unahusu meli zinazosafiri kutoka nchi moja kwenda nyingine. Pantoni ya Kigamboni, meli ya kutoka Unguja kwenda Pemba, kivuko cha kisiwani, hivyo vyote vimeachwa mikononi mwa serikali ya nchi husika. Meli ya mizigo kutoka Asia ikifika bandari ya Dar es Salaam inakuja na sheria za dunia nzima mgongoni. Chombo kinachombeba mama yako kwenda mnadani kina sheria zako wewe tu.

Basi na sisi tukaanza kutunga sheria zetu. Wakati wa MV Bukoba, meli ilikuwa ya shirika la umma, na wakaguzi nao walikuwa wa serikali hiyo hiyo. Mwaka 2001 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuunda SUMATRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Usafiri wa Nchi Kavu na Majini, na mwaka 2003 ikaja Sheria ya Usafiri wa Meli. Kenya iliunda mamlaka yake ya bahari mwaka 2004, na sheria yake ikafuata mwaka 2006. Zanzibar ilitunga sheria ya Mamlaka ya Usafiri Baharini mwaka 2009. Tangu SUMATRA ilipogawanywa, kazi ya usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara iko kwa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, na magari yakaenda LATRA. Kwa hiyo atakayesema tulikaa bila mamlaka hatasema kweli. Mamlaka tulikuwa nazo, na wakaguzi, na vyeti vyenye mihuri.

Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ikazama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Abiria walioruhusiwa walikuwa wapatao 600. Hesabu za mwanzo za serikali zilitaja watu wapatao 800 ndani ya meli. Tume ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake mwaka 2012, ilisema walikuwamo watu 2,470. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Waliopotea wasionekane tena walikuwa zaidi ya 1,000. Rudieni tarakimu hizo taratibu. Kati ya kile kilichodhaniwa siku ya kwanza na kile tume ilichokikuta, pana watu zaidi ya 1,600 ambao meli iling'oa nanga nao na hakuna aliyekuwa na karatasi inayowaonyesha. Baadhi ya walionusurika waliokotwa asubuhi wakiwa wameshikilia magodoro.

Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na karibu nusu ya abiria wake wapatao 290 hawakuokolewa. Hiyo ilikuwa boti iliyojengwa mwaka 1989 kwa ajili ya jimbo la Washington, Marekani, ivushe watu kwenye maji ya Puget Sound, ambayo yamekingwa na nchi kavu pande nyingi. Huko ilistaafishwa ikauzwa. Huku ikawekwa kwenye mkondo wa Zanzibar mwezi wa Julai, wakati wa pepo za kusi. Waziri wa Zanzibar aliyehusika na usafiri, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu, jambo ambalo ni adimu kwetu na linastahili kukumbukwa.

Sasa tufike kwenye kiini. Mamlaka zipo, sheria zipo. Kwa nini vyombo vinajaa?

Tujiweke mahali pa yule karani wa gatini. Mbele yake meli ya watu 600. Nyuma ya lango, watu zaidi ya 2,000. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita siku chache tu, watu wanarudi makwao, wanafunzi wanarudi shule. Chombo kingine cha bei ile hakipo usiku ule. Ukifunga lango, unamwacha mama na watoto watatu walale bandarini, na nauli ya kurudi mjini hana. Wanapiga kelele, wanakusihi, wengine wanakupa chochote. Mwenye meli naye anataka lango libaki wazi, kwa sababu kila kichwa ni nauli. Kwa upande mmoja uko peke yako na karatasi ya sheria. Upande wa pili umati mzima, tajiri mwenye meli, na huruma yako mwenyewe. Mtu huyu hushindwa, na akishindwa tunamfunga yeye. Kama kala rushwa, afungwe. Ila juma lijalo tutamweka mwingine mahali pale pale, mbele ya umati ule ule.

Tazameni Ukara. Kisiwa hiki cha Ukerewe kilitegemea kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa abiria 101. Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora. Watu waliuza, wakanunua, wakarudi wote kwa pamoja, na mahindi yao, na simenti, na watoto. Kivuko kikapinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika Bwisya, na taarifa za wakati ule zilisema watu walikuwa wameanza kusogea ili washuke. Walikufa watu 228, waliookolewa ni 41. Jumlisheni wenyewe muone jinsi chombo cha watu 101 kilivyokuwa. Fundi mmoja alitolewa hai baada ya siku mbili, akiwa amejifungia chumbani palipobaki hewa. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo na kuivunja bodi ya TEMESA, wakala wa serikali unaoendesha vivuko.

Kila mkazi wa Ukara alijua kwamba Alhamisi chombo hujaa. Gulio halikuwa siri. Lilikuwa kwenye kalenda ya kijiji. Kama ratiba ya kivuko ingepangwa na mtu anayeifahamu siku ya gulio, siku hiyo ingekuwa na safari za ziada au chombo kikubwa zaidi. Baada ya msiba kilipelekwa kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II. Mahitaji yale yalikuwapo kabla ya makaburi ya Bwisya kuchimbwa.

Jambo hili haliko kwetu tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ilizama Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova, na watu kwa makumi wakafa. Wale hawakupenda ziwa kuliko barabara. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, na ziwa likawa ndiyo njia iliyobaki. Njia ikibaki moja, watu wataijaza, na hakuna tangazo la redio litakalowazuia, hata hili langu.

Kwa hiyo mimi naona kosa letu kubwa ni kuyatenga mambo mawili yasiyotengana. Tumewapa watu fulani kazi ya usalama, wakakagua vyeti, injini na maboya. Tumewapa wengine kazi ya usafiri, wakanunua vyombo pale fedha zilipopatikana. Mkaguzi hana meli ya kuongeza. Mwenye meli hana haja ya kusikia habari za mkaguzi. Msafiri yuko katikati na kapu lake.

Ushahidi kwamba usafiri wenyewe ni usalama tunao nyumbani. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016, likawa na urefu wa mita 680, na mtu wa Kigamboni akapata kuchagua kati ya daraja na pantoni. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo hadi Busisi lenye urefu wa kilomita zipatazo tatu, na magari yaliyokuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko sasa yanapita kwa dakika chache. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuokoa watu wengi kama nguzo zile zitakavyowaokoa, na wala hazihitaji kuonywa juu ya rushwa. Kati ya Dar es Salaam na Unguja boti za mwendo kasi zinakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na aliyekosa ya asubuhi husubiri ya mchana akinung'unika tu. Kule Mwanza, MV Victoria iliyosimama mwaka 2014 ilirejea majini mwaka 2020 baada ya matengenezo.

Lakini Ukara haitajengewa daraja, na Pemba hali kadhalika. Visiwa vitabaki visiwa. Huko ndiko hesabu ya watu inapohitajika, na kuhesabu watu ni kazi rahisi kuliko tunavyofanya ionekane. Lango lenye kizuizi kinachozunguka, mtu mmoja kwa mara moja, kama yale ya viwanja vya mpira. Namba inayoonekana na watu wote, si karani peke yake, kwa maana ile ile ya mstari wa Plimsoll: abiria mwenyewe aone kwamba mwenzake wa 102 amezuiwa. Mtoto ahesabiwe hata kama hatozwi nauli, kwa sababu maji hayaulizi umri. Jina liandikwe, na nakala ya orodha ibaki nchi kavu, maana orodha iliyomo ndani ya meli huzama pamoja na meli. Kwenye vivuko vya Dar es Salaam tumekwisha kuanza kuingia kwa kadi badala ya tiketi ya karatasi. Kinachowezekana Magogoni kinawezekana Bugolora.

Liko jambo la pili, la uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliopona ni 24, na waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mwaka 2018 pale Ukara ilikuwa hivyo hivyo. Kila mara tunawasifu, tunawapiga picha, kisha tunawaacha warudi kwenye nyavu bila kamba, bila redio ya mawasiliano na bila maboya. Hawa ndio kikosi cha uokoaji tulichonacho, kilichotawanyika kwenye mialo yote, kinacholijua ziwa usiku na mchana. Mamlaka iwaandikishe, iwafundishe, iwape vifaa, na iwalipe mafuta ya injini waliyochoma wakiokoa roho za watu. Mtu aliyefundishwa kwamba chombo kilichopinduka kinashikiliwa na hewa atafikiri mara mbili kabla ya kushika nyundo na patasi.

Wapo watakaoniambia kwamba fedha hazipo, na kwamba msafiri maskini hataki nauli ipande. Nakubali kwamba meli ni ghali. Lakini tangu mwaka 1994 tumekwisha kulipa gharama nyingine: tume za uchunguzi, mazishi ya pamoja, wazamiaji wa kutoka nje, rambirambi, kesi mahakamani, na mayatima ambao hawajaingizwa kwenye hesabu yoyote. Fedha hizo tumezitoa kila mara bila kuulizwa kama zipo. Na kuhusu nauli, maskini wa Ukara alikwisha kulipia nafasi yake. Alilipa nauli kamili kwa nusu ya nafasi ya kusimama.

Msafiri naye ana wajibu wake, sitaki kumwacha. Ukiona sitaha ya juu imejaa, shuka. Ukiambiwa vaa boya, livae, hata kama limechakaa na wenzako wanakucheka. Ukiona nahodha amelewa, sema kwa sauti. Najua ni rahisi kwangu kuyasema haya nikiwa nimeketi mbele ya kipaza sauti kuliko kwako uliye gatini saa mbili usiku na mtoto mgongoni. Kwa hiyo sitaweka mzigo wote juu yako. Mtu hashuki kwenye chombo kibaya kama hakuna kizuri kinachokuja nyuma yake.

Swali ambalo ningependa wabunge na wawakilishi wetu wawaulize wakuu wa mamlaka hizi kila wanapokuja na bajeti ni hili: Alhamisi iliyopita, siku ya gulio, kivuko cha kijiji fulani kilibeba watu wangapi kila safari? Mkuu atakayejibu kwa tarakimu, anajua kazi yake. Atakayejibu kwamba ajali haina kinga, apewe siku moja ya kusimama pale langoni yeye mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, tukutane tena juma lijalo.